Migongo ya Stempu

Jumatatu, 7 Julai

Mikate ya kumimina imetoka vizuri, mmoja tu umeshika chini. Nilimwachia mama mkwe auangalie nilipokwenda kumwogesha mwanangu Zuhura. Hakusikia harufu ya kuungua. Tangu ile homa ya mwaka juzi pua yake haisikii kitu, si ubani wala samaki aliyeoza. Mwenyewe anacheka, anasema Mungu amempumzisha na mitaro ya Makorora.

Mie basi ndiyo pua ya nyumba. Leo tena ile harufu. Inatoka chumbani kwa baba mkwe, inapita chini ya pazia, inaganda kwenye nguo za mtoto. Yeye anaiita benzini. Mie naiita petroli, hata kama ni nyeupe kama maji. Alikuwa fundi saa Ngamiani miaka na miaka, akiitumia kuoshea vile vyuma vidogo vya ndani ya saa. Siku hizi nani anapeleka saa kwa fundi. Kazi imekwisha, benzini imebaki. Sasa ni ya stempu.

Nikisema anaosha stempu ananisahihisha. Anachunguza.

Zuhura hakunipa usingizi. Meno ya nyuma. Nimechoka mpaka nikikaa nasahau nilikaa kwa ajili gani.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Nassoro alikuja kutoka Usagara, albamu kwapani. Rafiki wa baba mkwe tangu ujana, naye ni mtu wa stempu. Lakini za kwake! Zimepangwa nchi kwa nchi, moja moja, kama watoto wa madrasa siku ya Maulidi. Ndege, meli, wafalme, maua. Nilimpakata Zuhura atazame, akataka kulamba ukurasa. Nikaipenda ile albamu. Kitu kisafi. Unafungua, unafurahi, unafunga, unaweka.

Baba mkwe ana stempu moja. Yaani anazo tele, ila zote ni ile ile: twiga wa Tanganyika, kichwa na shingo, za enzi za Mwingereza. Zimejaa makopo ya biskuti. Nyingine zimechanika meno, nyingine mhuri umezifunika mpaka twiga haonekani. Mzee Nassoro akaanza utani wake. Akasema mwenzetu Omari ana ugonjwa, watu wanakusanya stempu yeye anazoa jalala la posta. Twiga mmoja angetosha, hao wengine anawafuga wa nini, au anangoja wazae?

Baba mkwe hakuona tabu. Akasema, "Wewe Nassoro unazijua nyuso. Mie najifunza migongo."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Nikarudi kwenye uji. Jiko la mkaa liko karibu mno na lile pazia. Kila siku nalisogeza, kila siku naliona liko pale pale.

Jumapili, 13 Julai

Nilimkuta Zuhura amesimama mlangoni kwa babu yake, ameshika pazia kwa mikono miwili. Babu kainama mezani, lenzi ya fundi saa jichoni, kisahani cheusi mbele yake. Kopo la benzini liko sakafuni, wazi, karibu na mguu wake. Mtoto haangalii stempu. Anaangalia kopo.

Nilimbeba. Nikaenda kukaa naye uani.

Mwanamke hamwambii baba mkwe wake weka hiki, ondoa hiki. Kazi hiyo ni ya Hamadi, mume wangu. Lakini yuko Pangani kwenye ujenzi wa barabara, anakuja mwisho wa wiki kula na kulala. Nilimpigia. Akasema mzee ameshika benzini tangu yeye hajazaliwa na nyumba haijaungua.

Sikumwambia nyumba kuungua. Nilimwambia mtoto.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwambia mwenyewe. Nilipeleka chai, nikapiga magoti pembeni ya mlango, nikasema baba, nina ombi moja. Kopo likae juu, mtoto asilifikie. Sikumtazama usoni. Nilimaliza hivyo hivyo.

Alinitazama. Akasema nina haki, nimsamehe. Nikaona haya, maana nilishajiandaa kwa vita.

Kisha akaniita nione. Stempu imelala kifudifudi kwenye kisahani cheusi. Akadondosha tone. Karatasi ikaingia giza, kama imeyeyuka, na ndani yake yakatokea mataji madogo na herufi. Hayakuwepo. Nimeangalia kwa macho yangu, hayakuwepo. Yamelala ubavu. Benzini ikakauka, yakaondoka. Twiga akarudi kuwa twiga.

Anasema hiyo ni alama ya maji. Imetiwa ndani ya karatasi kule kiwandani, usoni huioni. Stempu mbili ni pacha, rangi moja, twiga mmoja, lakini hii taji limesimama na ile limelala. Mkusanyaji akipata twiga mmoja keshamaliza. Yeye hapo ndipo anapoanza. Kwa nini hizi zilale na hizi zisimame? Nani aliigeuza karatasi? Zilizolala zilitumwa wapi? Anazitenga kwa mihuri, za Tanga huku, za Pangani huku, za Moshi kule. Jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Anataka kumaliza kabla la kulia halijalifuata.

Nilikaa kuliko nilivyokusudia. Nilitaka kuona nyingine. Na nyingine. Chai ikapoa.

Kopo limepanda juu ya kabati la ukumbini. Hakuna mtoto wa kufika pale.

Jumamosi, 19 Julai

Mdogo wake mama mkwe, yule wa Pemba, amerudi Hija. Amekuja kutusalimu na dumu la maji ya Zamzam. Mama mkwe alilia. Akayagawa kwenye chupa ndogo ndogo, nyingine akawapelekea majirani, zilizobaki akazipanga juu ya kabati. Pahala pa heshima, juu, pasipo mikono ya watu. Kila anayepita anazitupia jicho.

Nilishtuka kuona zimekaa na lile kopo. Nikajituliza. Kopo ni kopo, lina kutu, nani atalikosea?

Hamadi amekuja. Kalala mchana kutwa. Nimefua nguo zake zimejaa vumbi jekundu.

Jumatano, 23 Julai

Kopo limetoboka. Kutu imekula chini, limevuja, limeacha doa kwenye mbao. Mama mkwe alipita pale asubuhi yote asisikie. Mimi nilisikia tangu jikoni. Alipoliona akakasirika kweli. Akamwambia mumewe, "Wewe bwana, petroli yako na maji ya Mungu wapi na wapi?"

Baba mkwe akasugua kabati mwenyewe kwa sabuni. Benzini iliyosalia haikuwa nyingi. Akaomba chupa. Mama mkwe, bado amenuna, akampa moja iliyokwisha Zamzam.

Chupa ile ile kama zile. Ndogo, kifuniko cha kubana.

Akakata karatasi, akaandika BENZINI kwa mkono wake mzuri wa fundi, akabandika. Nikamwambia baba, isirudi kule juu. Akasema, "Iende wapi basi mwanangu? Chini umekataa."

Alisema kwa upole. Nikatazama nyumba nzima. Chumba kimoja chetu, kimoja chao, kile kidogo cha stempu, ukumbi, uani na jiko la mkaa. Sikuona pa kutaja. Akaiweka mwisho wa kabati, peke yake, mbali na zile nyingine. Karatasi ilikuwa inasomeka. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Mama mkwe anasoma msahafu tu. Herufi hizi zetu hakufundishwa. Hilo limenijia sasa naandika.

Ijumaa, 25 Julai

Zuhura ana joto. Kikohozi pia. Kusi inavuma, mtaa mzima watoto mafua. Nimempa dawa ya homa. Nina mikate ya watu ya kesho, ya arusi, na mkono mmoja ndio wa kazi maana wa pili umembeba.

Mama mkwe amefuta kabati kwa ajili ya Ijumaa, akafukiza udi. Nilipoona kile chetezo na kaa jekundu nikaenda mbio kukitoa uani. Akasema siku hizi nimekuwa mwoga wa kila kitu. Labda.

Jioni nilimpelekea baba mkwe kahawa. Nikasema baba, kwa nini usikusanye tu, kama Mzee Nassoro? Uzipange, uzitazame, upumzike. Hakuna benzini, hakuna kuumiza jicho. Nilisema kwa kumpenda. Na kwa kuogopa.

Akatoa lenzi jichoni. "Kukusanya ni kuzipa nyumba, mwanangu. Mie nataka ziniambie zilikotoka."

Nikasema sawa baba. Lakini ile chupa naiota.

Jumatatu, 28 Julai

Niko hospitali. Zuhura amelala, ana mpira puani wa hewa.

Jana asubuhi joto lilipanda. Dawa ilikwisha, nikaenda duka la dawa, nikamwacha na bibi yake. Mama mkwe akashusha Zamzam. Akamkalisha kuelekea kibla, akasema Bismillahi, akamimina kwenye kijiko. Mtoto akageuza uso. Watoto wote hugeuza uso kwenye kijiko. Akambembeleza, akambana mashavu kidogo kama tunavyofanya sote. Kikaingia.

Alipofuta kabati Ijumaa alizipanga upya. Akazisogeza zote pamoja, zipendeze. Ile karatasi ilikuwa imeelekea ukutani.

Nilimsikia Zuhura akikohoa kabla sijafika mlangoni. Hakikuwa kikohozi chake. Halafu ile harufu.

Jirani alishaleta maziwa. Kwetu mtu akimeza sumu ni maziwa, au kidole kooni atapike. Kidole cha mama mkwe kilikuwa kinaingia. Baba mkwe akatoka chumbani na lenzi bado imo jichoni, akamkamata mkewe mkono. Sijawahi kumwona akimkamata.

"Asitapike. Ikipanda itaingia mapafuni."

Hakupaza sauti. Akamtoa mtoto mikononi mwake, akamkalisha wima, akanipa. Akaenda mwenyewe barabarani kusimamisha bajaji. Bila viatu.

Njia nzima mama mkwe anasema, "Mie nimempa Zamzam. Nimempa Zamzam mie." Nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto, nikipoteza naanza tena.

Daktari amesema kutotapishwa kumesaidia. Lakini kiasi kimeshaingia kifuani. Wanangoja. Nami nangoja. Nesi aliuliza nani aliyeweka kitu kile huko juu na maji ya kunywa. Nikasema mimi ndiye niliyetaka ikae juu.

Ni kweli.

Jumatano, 30 Julai

Homa haijashuka. Mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Naiangalia ile ngozi katikati ya mbavu. Siwezi kuacha kuiangalia.

Hamadi amekuja kutoka Pangani. Alikaa na mtoto, akatoka nje, akarudi macho mekundu. Akasema leo leo anakwenda kuyachoma yale makopo na twiga wao wote. Mama yake akainamisha kichwa. Nikamwambia hapana. Nyumbani kwangu hakuna kitakachowashwa moto. Akasema namtetea baba yake. Nikasema simtetei mtu, nimechoka, na wewe ukikasirika mwisho wa wiki wenzio tunakaa na hasira zako wiki nzima. Sijawahi kumjibu hivyo. Akainuka. Akaenda kuleta maji.

Baba mkwe anakaa kwenye benchi la nje tangu Jumapili. Haingii. Nilimfuata. Nikamwambia aje amwone mjukuu wake.

Akasema kanzu yake inanuka. Alishakwenda nyumbani akaoga, akabadili, akarudi, bado anaisikia. Ananusa viganja vyake.

Nilimnusa pale pale, kwenye bega, kama ninavyomnusa mtoto. Sabuni tupu. Nikamwambia baba, hunuki kitu. Hakuamini.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamemtoa mpira. Anapumua mwenyewe, kwa sauti, kama anayepiga msumeno taratibu. Ameomba uji. Hakuomba, ameunyooshea kidole. Nililia kwenye bakuli.

Mama mkwe hali chakula. Hataki kumgusa mtoto, anajificha kwa mtandio. Nilimchukua Zuhura nikamweka mapajani pake bila kuuliza. Nikasema mama, mshike, mie naenda kuoga. Nikaondoka ili asipate wa kumrudishia. Niliporudi alikuwa amemshika. Mikono yote miwili.

Jumatano, 6 Agosti

Tumeruhusiwa. Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Mbavu nyeupe, na chini kulia doa la ukungu. Akalizungushia kidole. Kivuli, akasema. Huenda kikaondoka chenyewe, huenda kikakaa. Turudi mwezi ujao apigwe nyingine. Nilitazama picha, nikamtazama Zuhura kiunoni kwangu. Anamchekea nesi. Usoni mtoto mzima kabisa.

Nyumbani kumefagiwa. Kabati tupu. Zamzam yote mama mkwe ameipeleka kwa yule mdogo wake. Chumba kidogo kimefungwa.

Chupa sijauliza iko wapi. Hamadi anasema mzee aliichukua asubuhi moja akaenda nayo kwa miguu, akarudi mchana bila kitu. Hamadi hajazungumza naye. Wanapeana salamu tu, shikamoo, marahaba, kila mtu njia yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Watu wamekuja kumwona mtoto. Kila mmoja ana la kusema. Mmoja akasema ni husda. Mwingine akasema nyumba isomewe. Jirani wa maziwa akasema yeye alitaka kumpa maziwa akazuiwa, basi. Nikamjibu kwa adabu kwamba angempa, mtoto akatapika, tungekuwa tunakutana kwa jambo jingine. Akameza chai yake.

Zuhura akikimbia anakohoa. Akicheka anakohoa. Namnyamazisha asicheke sana. Nimejisikia nikimnyamazisha.

Usingizi wangu umekuwa mwepesi. Mlango wa kabati ukilia nakaa kitandani.

Jumapili, 24 Agosti

Mvua kidogo asubuhi. Hakuna mikate leo.

Mzee Nassoro alikuja juma lililopita na albamu mpya, tupu, kumpa rafiki yake. Hakutania. Waliingia chumba kidogo wakafunga mlango. Alipotoka alikuwa na yale makopo ya biskuti kwenye mfuko. Atawabadilishia watu, akasema, twiga kwa ndege, twiga kwa meli. Juzi akarudi nazo.

Leo baba mkwe ameniita. Niliingia na Zuhura kiunoni. Meza imefutwa. Kisahani cheusi hakipo, lenzi haipo. Akanipa kwanza kitambaa nifute mikono, nisiichafue albamu, kisha akanifunulia. Ndege wa kila rangi. Samaki. Meli yenye matanga. Zimenyooka, hakuna iliyopinda, mkono wa fundi. Ukurasa wa Tanganyika una twiga mmoja. Msafi, hana mhuri.

Nikasema zimependeza baba.

"Eeh. Zimependeza."

Zuhura akanyoosha kidole kwa twiga. Babu yake akamwambia twiga, naye akasema wiga. Akakohoa kidogo, akaacha.

Nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Huyu taji lake limesimama au limelala?

Akaifunga albamu polepole, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza.

"Sikuangalia," akasema.

Nikamchukua mtoto, nikaenda kuanua nguo.